Kujikagua Kinywa: Mwongozo Kamili kwa Watafunaji wa Tambuu, Kuber na Muguka Mombasa

Ukipita vichochoro vya Bondeni, Majengo au Kibokoni jioni, utaona madoa mekundu chini na kutani: mate ya tambuu, lile jani linalotafunwa pamoja na popoo (kokwa ngumu), chokaa na pengine tumbaku. Harusini sinia la uraibu huzungushwa baada ya biriani. Mzee barazani ana kijaluba chake, dereva wa tuktuk ana pakiti ya kuber mfukoni, na kijana wa kibandani amejaza muguka shavuni tangu adhuhuri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa wake, waume na watoto wanaoishi nao. Kama unatafuta mawaidha ya kukaripiwa, msikitini na kanisani yako ya kutosha. Hapa tutaangalia kinywa.

Saratani ya kinywa ina tofauti kubwa na saratani ya tumbo au ya mapafu: mwanzo wake huonekana kwa macho. Hauhitaji mashine wala kufunga safari ya Nairobi ili kuliona doa lililo ndani ya shavu lako mwenyewe. Wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa, wengi wao waliliona jambo mapema wakalipuuza kwa sababu halikuwa linauma. Hilo la kutouma nitalirudia, maana ndilo linalowaponza watu.

Kwanza ujue unatafuna nini

Utasikia watu wakisema, "Mimi tumbaku sitii, tambuu yangu ni tupu." Wanaamini wamepona. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza zamani, mwaka 1985, kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani. Lakini katika tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2004 lilisema zaidi ya hapo: tambuu isiyo na tumbaku nayo husababisha saratani, na popoo peke yake imo katika kundi la kwanza, kundi lile lile la sigara. Kwa hiyo kuondoa tumbaku ni hatua nzuri, ila hujamaliza kazi.

Shida kubwa basi haiko kwenye jani. Iko kwenye ile kokwa ngumu inayokatwa kwa mkasi. Popoo ina kemikali iitwayo arekolini, ambayo huchochea chembe za utando wa kinywa kutengeneza nyuzi kupita kiasi. Chokaa nayo huuunguza utando na kuzipa kemikali za popoo nafasi ya kufanya kazi. Ukizidisha tumbaku juu yake, unaongeza aina nyingine kabisa ya sumu. Na ukishushia mnazi, ujue pombe na tumbaku vikikutana madhara yake hayajumlishwi tu, hukuzana.

Kuber ni tumbaku. Nasisitiza kwa sababu huuzwa kwa harufu nzuri kama kiburudisho cha kinywa, na wako wanaoiweka chini ya mdomo wakidhani ni dawa ya kuondoa uchovu. Ugoro wa kuweka mdomoni pia ni tumbaku. Zile pakiti ndogo za popoo tamu ambazo watoto hununua dukani kama peremende ni popoo vile vile: geuza pakiti, ukiona maneno "areca nut", "betel nut" au "supari", mwondolee mtoto.

Muguka na miraa je? Hapa lazima tuwe wa kweli. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia Mombasa, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na mjadala ukawaka nchi nzima. Katika joto lile mengi yalisemwa, mojawapo likiwa kwamba muguka huleta saratani moja kwa moja. Ushahidi wa hilo ni dhaifu ukilinganisha na wa popoo na tumbaku. Utafiti uliofanywa Githongo, Meru, katika miaka ya 1990 kuhusu madoa meupe ya kinywani uliona uhusiano mkubwa na sigara na tumbaku ya kusokota iitwayo kiraiku, lakini haukuuona uhusiano wa maana na miraa. Hiyo si ruhusa. Muguka huharibu fizi na meno, hukausha mate, hukosesha usingizi, na mara nyingi mtu akitafuna hukaa akivuta sigara moja baada ya nyingine. Ukitafuna, jikague kama wengine.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Mwaka 2022 watu wapatao 389,800 duniani waligunduliwa na saratani ya kinywa. Watafiti wa IARC walikadiria kwamba 120,200 kati yao waliipata kwa sababu ya popoo na tumbaku isiyovutwa. Hiyo ni karibu theluthi nzima, na kila mmoja wao angeweza kuepushwa.

Jinsi ya kujikagua, hatua kwa hatua

Fanya mara moja kwa mwezi. Chagua siku usiyoisahau. Wengine hufuata mwandamo wa mwezi, wengine siku ya kulipa kodi ya nyumba. Unahitaji kioo, taa ya simu, na kitambaa safi au kipande cha shashi. Nawa mikono kwa sabuni. Sukutua hadi wekundu wote wa tambuu utoke, kwa sababu rangi ya katu, kiungo kinachotiwa ndani ya tambuu, huficha kila kitu. Kama una meno ya bandia, yavue. Huwezi kujikagua huku umeyavaa, na mara nyingi jambo huwa limejificha chini yake.

Hatua ya 1: Uso na shingo. Jitazame kiooni mdomo ukiwa umefumba. Je, upande mmoja umevimba? Kisha pitisha vidole taratibu chini ya taya na kushuka shingoni, kulia na kushoto. Unatafuta kitezi kigumu, hasa kisichouma na kisichosogea ukikigusa. Tezi ya mafua huuma na hupungua baada ya siku chache. Ile ya saratani kwa kawaida haina haraka wala maumivu.

Hatua ya 2: Midomo. Ukunje mdomo wa chini nje, utazame na kuupapasa. Hapa ndipo kuber huwekwa, kati ya mdomo na fizi. Ukiona pamekunjamana na kuwa peupe kama ngozi iliyolowa maji muda mrefu, hiyo ni alama ya tumbaku. Wavuvi, makuli na ndugu zetu wenye ualbino waongeze uangalifu kwenye mdomo wa chini kwa nje, maana jua la Pwani nalo huleta saratani ya mdomo. Kofia pana na mafuta ya kuzuia jua yenye kinga ya midomo si urembo kwao.

Hatua ya 3: Mashavu. Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Vuta shavu kwa kidole, mulika ndani, tazama kutoka pembe ya mdomo hadi nyuma ya gego la mwisho. Anza na upande unaopenda kuweka tambuu. Kila mtafunaji ana upande wake, na saratani za watafunaji hupenda kuota pale pale tonge linapolala. Ukiona doa jeupe, lifute kwa shashi. Likitoka, huenda ni mabaki ya chakula au fangasi. Likikataa kutoka, hilo ni la kuonyesha daktari. Doa jekundu kama mahameli ni la hatari zaidi ya jeupe, hata kama ni dogo na laini. Mchanganyiko wa jeupe na jekundu vile vile.

Sasa pitisha kidole juu ya shavu kwa ndani. Linatakiwa kuwa laini na kunyumbuka. Ukihisi nyuzi ngumu zilizosimama wima chini ya utando, kama kamba zilizofukiwa, na utando wenyewe umepauka, hiyo ni kazi ya popoo. Nitaieleza punde.

Hatua ya 4: Ulimi. Utoe, utazame juu. Kisha ushike ncha yake kwa kitambaa, uuvute kulia, uumulike kando hadi nyuma kabisa, halafu kushoto. Kando ya ulimi ni mahali saratani hupapenda sana, na watu wengi hawajawahi kupaona hata siku moja. Nyuma kabisa kuna vijivimbe vya kawaida. Angalia kama pande mbili zinafanana. Kilicho sawa pande zote mbili, mara nyingi ni maumbile.

Hatua ya 5: Chini ya ulimi. Inua ulimi uguse kaakaa. Mulika. Papasa kwa kidole kimoja ndani na kingine nje chini ya kidevu, uone kama kuna kigumu katikati.

Hatua ya 6: Kaakaa, koromeo na fizi. Inamisha kichwa nyuma, sema "aaa". Malizia kwa fizi zote. Jino linalolegea lenyewe bila ugonjwa wa fizi, au pengo la jino lililong'olewa lisilofunga, ni la kuulizwa.

Hatua ya 7: Vidole vitatu. Panua mdomo uwezavyo, kisha jaribu kupitisha vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimesimama wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye kinywa kizima kwa kawaida hupitisha vitatu. Viwili tu vikipita, na huna jino linalouma wala jeraha la taya, kinywa chako kinafunga.

Ukiona kitu, kipige picha kwa simu. Picha ina tarehe, na wiki mbili baadaye hutabishana na kumbukumbu yako kama kimekua au la.

Kinywa kinachofunga

Ugonjwa huu wa nyuzi za shavuni huanza kwa ishara ambayo jikoni hutafsiriwa vibaya. Mtu aliyekuwa akila achari na pilipili za mbuzi bila kujali ghafla anasema mchuzi umekuwa mkali. Wote mezani wanakula, yeye mdomo unamwaka. Watu humwambia ana vidonda vya tumbo, au ameanza kuzeeka. Miezi inapita, anaanza kukata andazi vipande vidogo, kisha anashindwa kupiga mluzi, kupuliza mshumaa au kutoa ulimi nje vizuri.

Hizo nyuzi zikishajengeka hazirudi nyuma kwa kuacha popoo peke yake. Mazoezi ya kupanua mdomo, sindano na upasuaji husaidia kwa kiasi. Hata hivyo, ukiacha mapema huenda ukausimamisha pale ulipofika. Tena hali hii yenyewe ni mlango wa saratani: India, wagonjwa 66 walifuatiliwa kwa miaka 17, na 7.6% kati yao wakapata saratani ya kinywa. Kwa hiyo mwenye kinywa kinachofunga akaguliwe na daktari kila baada ya miezi michache, maisha yake yote, hata akiwa ameacha kutafuna.

Kanuni ya wiki mbili

Kidonda cha kujiuma ulimi au cha jino lenye ncha hupona ndani ya siku saba hadi kumi na nne. Basi kanuni ni hii: kidonda, doa, uvimbe au ganzi yoyote iliyopita wiki mbili, nenda ukaangaliwe. Usingoje maumivu. Saratani changa ya kinywa mara nyingi haiumi. Ikianza kuuma, kukuletea maumivu ya sikio upande mmoja au kukuzuia kumeza, imeshakuwa kubwa.

Katika hizo wiki mbili, ondoa kinachoweza kuwa chanzo: jino lililovunjika lisuguliwe, meno ya bandia yanayobana yapumzishwe, tonge lihame au, afadhali, liachwe. Usipake dawa ya zambarau. Inapaka rangi kila kitu na daktari hataona chochote. Usinunue antibiotiki dukani kozi baada ya kozi. Na usikubali kidonda kichomwe na mganga, kwa sababu baada ya hapo hakuna ajuaye kilikuwaje.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa. Katika takwimu za Marekani, saratani ya kinywa na koo ikigunduliwa ikiwa bado mahali pake, zaidi ya watu 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasafiri mbali mwilini, hubaki takriban 4 kati ya 10.

Ukienda hospitali

Anzia kituo chenye idara ya meno. Hospitali za kaunti ndogo kama Port Reitz, Tudor na Likoni ziko karibu na watu wengi, na rufaa ya Pwani nzima ni Coast General. Usiseme tu "nina kidonda mdomoni", maana utapewa dawa ya kusukutua na kurudishwa nyumbani. Sema: "Nina kidonda shavuni upande wa kushoto, kina wiki tatu, natafuna popoo na tumbaku miaka kumi na tano." Sentensi hiyo moja hubadilisha namna unavyosikilizwa. Waonyeshe na picha.

Daktari akishuku, atakata kinyama kidogo baada ya kukupiga sindano ya ganzi. Kipimo hicho huitwa biopsi, na ndicho pekee kinachothibitisha. Kuna uvumi mtaani kwamba saratani "ikiguswa chuma" husambaa. Si kweli, na uvumi huu umewacheleweshea watu wengi matibabu. Majibu huchukua siku kadhaa au wiki, kwa hiyo uliza tarehe ya kurudi kabla hujaondoka na uombe nakala yako ya karatasi. Kama majibu yanasema chembe zimeanza kubadilika bila kuwa saratani, hiyo ni habari njema inayohitaji nidhamu: doa huondolewa au hufuatiliwa, na kutafuna kunakoma.

Kuhusu pesa: jisajili SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, sasa hivi ukiwa mzima, kupitia *147#. Ukishasajiliwa, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 hutoa huduma ya msingi bila malipo. Biopsi na matibabu ya hospitali kubwa hutegemea mchango wako uwe umelipwa, ambao ni 2.75% ya mapato na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Anayengoja kulipa hadi siku ya kulazwa hujikuta akichangisha kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuacha

Tumbaku na popoo vyote vina uraibu wa kweli. Hata jina la lile sinia linasema. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu: hasira, kichwa kizito, kinywa kutafuta cha kufanya. Kwa mtumiaji wa kuber au tambuu yenye tumbaku, muulize mfamasia kuhusu chingamu au vibandiko vya nikotini. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, ya ushauri kuhusu uraibu.

Waislamu wa Mombasa wana nafasi ambayo naona haitumiwi vya kutosha. Mwezi wa Ramadhani mtafunaji mzito hushinda mchana kutwa bila kugusa kitu, akaweza. Anapoanguka ni baada ya futari, barazani, chai ikimiminwa. Panga saa zile mbili tu: nenda tarawehe mapema, kaa na iliki au karafuu mdomoni, na kijaluba mpe mtu mwingine akuwekee. Ukifika Idi hujarudi, umeshapita sehemu ngumu zaidi.

Ukishindwa kuacha mara moja, jambo moja acha leo hii: kulala na tonge shavuni. Tafiti za Asia zimeonyesha kwamba wanaolala nalo wana hatari kubwa mno. Kupunguza si kinga, lakini usiku mzima wa popoo na chokaa kwenye shavu moja ni kujitakia. Na kwa wavutaji: uchambuzi wa tafiti nyingi za saratani za kichwa na shingo ulionyesha kwamba hatari hushuka kwa karibu 30% ndani ya mwaka 1 hadi 4 baada ya kuacha sigara.

Kwa binti zenu, chanjo ya kirusi cha HPV inatolewa nchini tangu Oktoba 2019. Inajulikana kwa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, lakini aina ya 16 ya kirusi hicho husababisha pia saratani ya koo. Utafiti wa KEN SHE, uliofanyika Kisumu, Thika na Nairobi kwa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, uliona dozi moja ikikinga kwa 97.5% dhidi ya maambukizi ya aina ya 16 na 18 katika miezi 18.

Kwa wahudumu wa afya ya jamii na vyama vya mtaani

Kujikagua ni kuzuri, lakini ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa kukaguliwa na mtu aliyefunzwa. Trivandrum, jimbo la Kerala nchini India, utafiti ulioanza 1996 ulichukua watu zaidi ya 190,000 wa miaka 35 na kuendelea katika maeneo 13: saba yakakaguliwa, sita hayakukaguliwa. Wakaguzi hawakuwa madaktari. Walikuwa wahitimu wa vyuo waliofundishwa kutazama kinywa kwa mwanga na kuandika walichokiona. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha vifo vya saratani ya kinywa vikipungua kwa 34% miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Kwa wasiotumia, faida haikuonekana. Taiwan nayo imekuwa ikiwakagua wavutaji na watafuna popoo tangu 2004.

Maana yake kwa Mombasa: msikague kila mtu. Wafuateni watafunaji walipo, kwenye stendi za matatu, mabaraza, maegesho ya boda, na msisahau kina mama, maana wengi wao hutafunia ndani. Omba afisa wa afya ya kinywa wa kaunti ndogo awafunze, na kabla ya kuanza mkubaliane naye nani atawapokea mtakaowapeleka. Kumwambia mtu ana doa kisha kukosa pa kumpeleka ni kumtia hofu bure.

Mkiandika, andikeni maswali machache yanayosaidia: anatafuna nini hasa, tangu umri gani, mara ngapi kwa siku, huweka upande upi, hulala nalo au la, vidole vingapi vinapita. Mkitaka takwimu hizo ziwe utafiti wa kuchapishwa, mtahitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kabla ya kumhoji mtu wa kwanza. Hata bila kuchapisha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo daftari lenye majina lifungiwe, na picha za vinywa vya watu zisipitishwe kwenye makundi ya simu. Baada ya wiki mbili, rudini kwa kila mliyempa rufaa mkamuulize kama alifika. Asiyefika, mmoja wenu amsindikize.